Kiini Macho cha Halloween Kikigoma: Dalili, Sababu na Dawa kwa Fedha Kidogo

Maelekezo mengi ya kiini macho hukutajia vitu vya kununua na namna ya kuchezesha mikono, kisha hukuacha njiani. Hayasemi ufanye nini pale boga lililochongwa sura na kutiwa taa limeshawashwa, watoto wamekaa mkao wa kula, umetamka maneno yako ya kuogofya, halafu mzimu hauonekani. Mwongozo huu unaanzia hapo hapo.

Nimewafikiria hasa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, Wakongomani, Watanzania, Wakenya na Warundi. Ikikaribia tarehe 31 Oktoba, sikukuu ya Halloween, watoto wao hurudi kutoka shule na habari za mafuvu, buibui na mizimu, na wazazi wangependa kuwafanyia jambo la kukumbukwa sebuleni au kwenye ukumbi mdogo wa jengo bila kuvunja kibubu. Karibu vitu vyote vilivyotajwa humu vinapatikana jikoni, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika au kwenye maduka ya bei ya chini.

Jambo moja nalishikilia: kiini macho kikigoma, kosa mara chache huwa mkononi. Mara nyingi liko mahali. Mwanga unatoka upande gani, hewa ina unyevu kiasi gani, watu wamekaa wapi, ngozi imepakwa nini. Mtu akishindwa hukimbilia kununua kifaa kingine, na hapo ndipo fedha zinapoyeyuka. Kagua mahali kwanza, kisha vitu, mikono iwe ya mwisho.

## Hakuna kinachong'aa

Umeambiwa bilauri ya toniki, kile kinywaji cha gesi chenye uchungu, itawaka rangi ya buluu ukiimulika, nayo imekaa tu kama maji ya bomba.

Angalia saa kabla ya kuangalia bilauri. Tangu mwaka 2007 Wamarekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo Halloween daima huangukia kabla ya badiliko hilo. Katika miji kama Columbus na Louisville jua siku hiyo huzama kati ya saa 12:30 na saa 12:45 jioni, na mwanga wa machweo hubaki karibu nusu saa nyingine. Watoto wengi huanza kuzunguka majumbani kuomba peremende mnamo saa kumi na mbili. Ukiwafanyia mchezo wa giza wakati huo unashindana na jua, na jua hushinda. Anza na michezo isiyohitaji giza, kama pete, ufunguo na mkono wa damu, ambayo utaikuta mbele. Vya kung'aa viweke baada ya saa moja na robo usiku. Mapazia mepesi ya nyumba za kupanga hayazuii taa za maegesho ya magari, kwa hiyo tundika shuka nzito au mifuko myeusi ya taka dirishani.

Kama giza limeingia na bado hakuna kitu, tazama tochi. Tochi za urujuanimno, zile za kukagulia noti bandia, ziko za namna mbili. Za bei rahisi ni za nanomita 395 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, tafuta namba hiyo kwenye tochi), nazo hutoa zambarau nyingi inayoonekana kwa macho, kiasi kwamba ukuta mzima unakuwa wa zambarau na mng'ao wa kinywaji unamezwa humo. Za nanomita 365 ni bora, lakini ni ghali zaidi na huzihitaji. Chukua ile ya bei rahisi, iweke chini au nyuma ya bilauri, kisha izibe kwa kipande cha boksi upande wa watazamaji ili waone kinywaji tu, wasione taa. Usimulike macho ya mtu, hasa mtoto.

Halafu soma chupa. Kinachong'aa ni kwinini, ile ile tuliyomezeshwa kwa malaria tukaumia masikio kwa mlio, ambayo miti yake hulimwa Kivu mpaka leo. Sheria ya Marekani hairuhusu izidi takriban miligramu 83 kwa lita moja ya toniki, kiasi kidogo lakini kinatosha kabisa. Neno quinine lazima liwemo kwenye orodha ya viambato. Maji yenye gesi peke yake hayang'ai hata kidogo, na chupa zake hukaa rafu moja na toniki, ndiyo maana kosa hili ni la kila mwaka.

Iling'aa kisha ikafifia? Kuna kitu kimeongezwa. Chumvi ya mezani huudhoofisha mng'ao wa kwinini kwa sababu ya kloraidi iliyomo. Hili lenyewe ni mchezo mzuri kuliko ule wa kwanza: acha bilauri iwake, sema mzimu hauvumilii chumvi, mimina kijiko kimoja na ukoroge huku mng'ao ukizima mbele ya macho yao. Bilauri za maonyesho zisinywewe. Wapo watu ambao miili yao haipatani na kwinini, na mtoto hawezi kukuambia mapema.

## Mzimu wa kioo haujitokezi, au unajitokeza vibaya

Kwa maoni yangu huu ndio mchezo wenye thamani kubwa kuliko gharama yake, nitakaa hapa kidogo. Ulionyeshwa London mkesha wa Krismasi mwaka 1862, katika Royal Polytechnic Institution, na John Henry Pepper, aliyeliboresha wazo la mhandisi Henry Dircks. Kioo angavu husimamishwa kwa pembe ya nyuzi 45 kati ya watazamaji na jukwaa. Kitu kilichofichwa pembeni kikimulikwa, taswira yake huonekana ikielea nyuma ya kioo, na huku unaona vitu halisi vya jukwaani kupitia kioo hicho hicho.

Nyumbani chukua boksi kubwa lililo wazi upande wa mbele, lipake rangi nyeusi ndani, simamisha humo plastiki angavu iliyotolewa kwenye fremu ya picha, ikae mshazari. Simu au tableti isimame kwenye ukuta wa pembeni wa boksi, skrini ikiitazama plastiki, nayo ifichwe na ubao wa boksi ili anayekaa mbele asiione. Weka kiti cha mwanasesere nyuma ya plastiki. Mzimu utakuja kukaa hapo.

Mzimu ukiwa hafifu au usionekane kabisa, kuna sababu mbili, na ya pili watu hawaifikirii. Ya kwanza ni kwamba nyuma ya plastiki pana mwangaza. Plastiki hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga unaoipiga, kwa hiyo chochote chenye mwangaza nyuma yake huufuta mzimu. Funika nyuma kwa kitambaa cheusi kisichong'aa na kiti chenyewe ukimulike kidogo sana. Ya pili ni simu yenyewe. Simu nyingi hupunguza mwangaza wa skrini zenyewe zikihisi chumba kina giza, na zikiwa na chaji kidogo hupunguza zaidi. Mchana ulipojaribu mzimu ulionekana, usiku umepotea, nawe unalaumu plastiki. Zima marekebisho ya mwangaza ya moja kwa moja, zima hali ya kubana betri, pandisha mwangaza mpaka mwisho.

Kama unaona mzimu lakini umezungukwa na mraba wa kijivu, video yako haina weusi kamili nyuma ya mhusika, au skrini ni ya aina ambayo hata weusi wake huvuja mwanga. Kata karatasi nyeusi yenye tundu la umbo la mtu, ibandike juu ya skrini. Senti tano za karatasi, na mraba umekwisha.

Mizimu miwili iliyopishana kidogo inatokana na unene. Sura ya mbele ya plastiki hurudisha taswira yake na sura ya nyuma ya kwake. Plastiki nyembamba huzikaribisha mpaka jicho lisizitenganishe. Lakini nyembamba mno hujikunja, na hapo mzimu unapindapinda kama moshi wa ubani. Bandika vijiti vya mishikaki kwenye kingo zake kwa gundi, ikae imenyooka.

Watazamaji wakijiona wao wenyewe kwenye plastiki, taa iko upande wao. Mara nyingi ni boga lililowashwa, limewekwa mbele ya boksi kwa uzuri. Lihamishe nyuma ya watu au lizime wakati wa mchezo huu. Na wakilalamika wa pembeni tu kwamba hawaoni kitu, tatizo ni viti. Mchezo huu una dirisha jembamba la kuonekana. Wapange watoto kwa mistari katikati, wafupi mbele, usiwaache wajikunje nusu duara.

Kuna jambo dogo la mwisho ambalo hutofautisha mchezo wa haraka na mchezo uliofikiriwa. Mzimu huonekana nyuma ya plastiki kwa umbali ule ule uliopo kati ya plastiki na skrini. Ukiona kana kwamba unaelea mbele ya kiti badala ya kukikalia, usihangaike na pembe, sogeza simu nyuma kidogo kidogo mpaka ukae. Na kama video ina maandishi, igeuze kushoto kulia, maana plastiki inafanya kazi ya kioo.

## Mkono wa damu umetoka kahawia

Kila aliyewahi kufua kanzu iliyodondokewa mchuzi anajua kwamba doa la manjano likiguswa na sabuni hugeuka jekundu. Mchezo wote ni huo. Koroga kijiko cha manjano ya unga, ambayo wengine wanaiita binzari, katika nusu kikombe cha spiriti ya kusafishia vidonda, acha unga utuame, paka maji yake kwenye karatasi ya kuchujia kahawa iliyofunguliwa, anika ikauke kabisa. Utapata karatasi inayofanana na barua ya kale. Fanya kazi hiyo dirisha likiwa wazi na mbali na moto, spiriti hushika moto haraka. Usiku unalowesha kiganja, unakigandamiza kwenye karatasi mbele ya watu, na alama ya mkono mwekundu inajitokeza pasipokuwa na rangi yoyote mkononi mwako.

Alama ikitoka kahawia iliyofifia, umelowesha mkono kwa bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki. Ni dhaifu mno. Manjano huanza kubadilika pale maji yanapovuka kidogo tu hali ya kati, kuelekea upande wa magadi na sabuni, si wa siki na ndimu, na bikaboneti hufika pale pale mlangoni ikakwama. Dawa ni magadi, yale ya kulainishia maharage na kande. Yana karboneti ya sodiamu, kwa hiyo ni makali zaidi, na kijiko kidogo kwa kikombe cha maji kinatosha. Duka la Kiafrika likiwa mbali, tandaza bikaboneti kwenye sinia, iokwe nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa moja. Joto huigeuza kuwa karboneti. Maji haya yanakereketa ngozi na macho. Yatumike na mtu mzima, mwenye ngozi isiyo na mikwaruzo, akanawe mara moja, au avae glavu nyembamba, kwani alama ya glavu nayo inatisha vizuri tu.

Wengine hutumia dawa ya kusafishia vioo. Hiyo hufanya kazi ikiwa na amonia, na siku hizi nyingi hazina. Zenye siki hazitafanya lolote, zitairudisha karatasi kwenye manjano. Na hata yenye amonia ina tabia yake: amonia ikiruka hewani, damu nayo inafutika, karatasi inarudi ilivyokuwa. Ukiona mkono wako unapotea baada ya dakika chache, sababu ni hiyo. Anayetaka damu ibaki atumie magadi, anayetaka mzimu "ufute ushahidi" atumie amonia. Usichanganye kamwe dawa yenye amonia na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Mvuke wake ni sumu.

Karatasi nzima ikiwa na madoa mekundu kabla hujaanza, umeianika juu ya meza iliyofutwa kwa sabuni.

## Jina halitokei kwenye mkono

Mchezo huu ni wa zamani na hauna gharama. Unaandika jina kwa mafuta kwenye sehemu ya ndani ya mkono, watu hawalioni. Baadaye mtu anachagua jina, unachukua majivu, unayasugua mkononi, na jina linajichora lenyewe. Jinsi ya kulifanya jina lichaguliwe ni rahisi: watoto wanataja majina mengi, wewe unajifanya unaandika kila moja kwenye kijikaratasi, kumbe vyote umeandika lile lile. Hakikisha ni jina watakalolitaja.

Karibu maelekezo yote ya mchezo huu yameandikwa na watu wenye ngozi nyeupe kwa ajili ya ngozi nyeupe. Wanasema majivu meusi. Mwenzetu mwenye ngozi ya kahawia au nyeusi anafuata neno kwa neno, anasugua, na hakuna kinachoonekana, kisha anadhani hana kipaji. Geuza rangi. Tumia poda ya mtoto au unga wa ngano uliochekechwa. Herufi nyeupe juu ya ngozi nyeusi gizani zinatisha kuliko herufi nyeusi juu ya ngozi nyeupe, na nalisema hili kwa uhakika wote.

Kosa la pili nalo ni letu. Sisi hujipaka mafuta baada ya kuoga, na baridi ya Oktoba hutufanya tuongeze. Mkono uliopakwa mafuta hushika poda kila mahali, matokeo yake ni mkono mweupe kuanzia kiwiko mpaka kifundo, jina limezama humo. Siku ya mchezo osha mkono mmoja kwa sabuni, ukaushe, usiupake kitu. Kisha andika kwa mafuta ya mgando ukitumia ncha ya kijiti cha pamba, mistari myembamba, herufi kubwa. Ukiona poda inaganda hata pasipo na mafuta, unatoka jasho. Sogea mbali na bomba la kipasha joto, subiri ngozi ipoe.

Herufi zikiwa zimevurugika, ni mkono wa shati. Kunja shati kwanza ndipo uandike, robo saa kabla ya kuanza. Zikionekana kabla ya wakati, taa inakupiga kwa ubavu na mafuta yanameremeta. Simama ukiitazama taa. Na weka mbali ile tochi ya urujuanimno, kwa sababu mafuta ya mgando hung'aa chini yake, na mtoto mmoja mjanja atakusomea jina lako kabla hujafungua mdomo.

Poda ipakwe mbali na nyuso za watoto, haifai kuvutwa puani.

## Kizimwi cha tishu kimelala chini

Kata umbo la mzimu kwenye tabaka moja tu la tishu, bandika mkia wake mezani, sugua puto, lilete juu: mzimu unanyanyuka kutoka "kaburini". Asiponyanyuka, ni ama unyevu ama mafuta. Maelekezo husema sugua puto kwenye nywele. Nywele zilizotiwa mafuta hazijazi umeme tuli wa kutosha, basi sugua kwenye sweta ya sufu. Tishu yenye tabaka mbili ni nzito, itenganishe.

Unyevu ndio unaotofautisha mahali na mahali. Ndani ya nyumba za kaskazini mwa Marekani, kipasha joto kikishawashwa, hewa hukauka na mchezo huu unakubali bila shida. Jamaa wa Mombasa au Dar es Salaam akitaka kuuiga baada ya kuona video uliyomtumia, hewa ya bahari itamnyima, umeme utakuwa umeshavuja kabla puto halijafika. Ajaribu ndani ya chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa muda mrefu. Hata huko Marekani, chumba chenye sufuria inayochemka au watu wengi waliotoka mvuani hubadilika haraka, kwa hiyo mchezo huu uje mapema katika ratiba.

## Pete haipandi, ufunguo haugeuki

Haya ni mafupi. Pete inayopanda kwenye rababendi iliyokatwa haipandi kweli: sehemu kubwa ya mpira imefichwa katika mkono wa chini, nawe unaiachia polepole ili kipande kilichovutwa kirudi juu na pete ikiwa juu yake. Pete ikiteleza chini, mteremko ni mkali au mpira una mafuta. Ikienda kwa kurukaruka, vidole vyako vinaachia kwa mishtuko, vipake poda kidogo. Wakigundua kwamba mpira ndio unaosogea, una maandishi au madoa yanayosafiri nao, tafuta usio na alama.

Ufunguo unaojigeuza kiganjani unahitaji ufunguo wa kizamani, mrefu, wenye shina la duara. Ufunguo bapa wa kisasa hautabiringika hata uusomee nini. Unapoinamisha mkono kidogo kuelekea ncha za vidole, upande mzito huupindua. Ukigeuka ghafla, ulianza mbali na pale unapokaribia kupinduka wenyewe. Tafuta pale kwanza, kisha mwinamo wa nywele moja utatosha.

## Barafu kavu imeacha kutoa moshi

Maji yamepoa. Barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, ina nyuzi 78.5 za Selsiasi chini ya sifuri, huyagandisha maji yanayoizunguka. Mwaga, weka maji ya moto, moshi utarudi. Ikiwa ilipotea kabla ya sherehe, uliihifadhi kwenye friza ya nyumbani, ambayo kwa barafu hii ni mahali pa joto. Hununuliwa siku ile ile, hukaa kwenye boksi la kuhifadhia baridi lenye mfuniko uliolegezwa.

Hapa ningemshauri mwenye fedha kidogo aiache kabisa. Huunguza ngozi kwa baridi, chombo kilichofungwa nayo kinaweza kupasuka, na gesi yake ni nzito kuliko hewa kwa hiyo hutambaa chini, mahali ambapo watoto wamekaa. Anayeitumia avae glavu nene, afungue madirisha, ndani ya gari pia, na kipande chake kisiingie kwenye kinywaji cha mtu. Fedha zake zinatosha kununua vitu vya michezo miwili iliyotajwa juu.

## Mtoto analia, mzazi anamnyanyua na kuondoka

Hili nalo ni tatizo la kiufundi, lina sababu na lina tiba. Sababu ya kawaida ni maneno. Umesema "sasa namwita jini." Mbele ya watu wetu, neno hilo si pambo. Wapo wanaoamini, wapo waliowahi kusomewa, na wapo wazazi Waislamu na Wakristo ambao tayari wana mashaka na sikukuu yenyewe. Usitaje majini, usiigize dua wala maombi, usiguse msahafu au Biblia kama kifaa. Mumiani, wanyonya damu wa hadithi zetu, na Popobawa, zimwi la usiku la Zanzibar, waache; hofu ya Popobawa ya mwaka 1995 kule Pemba na Unguja kuna watu wazima katika chumba hicho walioiishi wakiwa watoto. Buni wako: bibi kizee aliyepoteza ufunguo wa sanduku, nahodha aliyezama na pete ya harusi. Hadithi ya kubuni inatisha vya kutosha, na haimtii mtu hatiani.

Zungumza na wazazi kabla. "Shikamoo mama. Jioni nitawafanyia watoto kiini macho, vitu vya jikoni tu, hakuna kuita wala kuomba chochote. Karibu ukae nasi, na ukitaka nikuonyeshe mapema kinavyofanyika, nitakuonyesha." Mzazi aliyeonyeshwa siri ya mkono wa damu mara nyingi ndiye atakayepiga kelele ya kwanza usiku ule.

Kama kuna anayesema kusema ukweli kunaharibu mchezo, mkumbushe Harry Houdini, bingwa wa kiini macho wa Marekani. Alifariki Detroit tarehe 31 Oktoba 1926, na kwa ajili yake Wamarekani huiadhimisha tarehe hiyo pia kama siku ya kiini macho. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuwaumbua waliodai kuongea na wafu, akiwaonyesha watu jukwaani hila zinavyofanyika, na kumbi zilijaa. Mkewe Bess alimsubiri kila mwaka katika kikao cha kumwita siku ya kifo chake mpaka mwaka 1936, asijitokeze, akaacha.

Kwa walio chini ya miaka sita hivi, punguza giza. Acha taa moja ndogo ya betri ikiwaka nyuma yao muda wote na waambie iko pale. Mishumaa ya kweli usiiweke karibu na watoto waliovaa majoho ya bei rahisi na nywele bandia, vitambaa vile hushika moto upesi. Anayelia mpe kazi: ashike tochi, au awe ndiye anayemimina chumvi. Mtoto aliyeuzima mzimu kwa mkono wake mwenyewe hauogopi tena.

## Madoa ya asubuhi

Manjano iliyodondokea zulia au kitambaa cha meza itageuka nyekundu ukiikimbilia na sabuni, usishtuke. Kwenye kitambaa cheupe, suuza, kamulia ndimu irudi rangi yake ya awali, fua kwa sabuni, kisha anika kwenye jua kali. Rangi ya manjano haivumilii jua na hufifia yenyewe kwa siku moja au mbili. Zulia la nyumba ya kupanga haliwezi kutolewa nje, basi tandika mifuko ya taka chini ya meza kabla ya wageni kufika. Mafuta ya mgando kwenye shati yafutwe kwanza kwa karatasi kavu, ndipo sabuni ya vyombo, ndipo maji ya moto.